Miadi ya Rangi ya Kijani

Kitendawili: nina siku mia tatu sitini na tano, na sijaishi hata moja. Usijichoshe, msomaji wangu, ni kalenda. Ile ya karatasi walau hutulia ukutani. Hii ya kompyuta ina miguu. Unaiwekea jambo lako Jumamosi hii, ukigeuza shingo unalikuta limehamia Jumamosi ile, na hakuna aliyelibeba.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu Mkunga hakutaka kitendawili wala jibu lake. Alitaka mtu. Alipanda ngazi za jengo lile mbilimbili, mkoba ukimgonga ubavuni, mpaka ghorofa ya kwanza kwenye chumba cha kupimia macho cha mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikuwa na ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia. Alipousukuma mlango yote yalimtoroka, yakabaki matatu.

"Yuko wapi huyo?"

Nyuma ya meza ya mapokezi aliketi dada yake Miwani. Huyu ndiye aliyemlea tangu ana miaka tisa, wazazi wao walipofariki. Ndiye aliyepokea wateja, akashika simu, akailinda kompyuta kama kuku anavyolinda mayai. Watu walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

"Salamu umeziacha nyumbani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Salamu utazipata nikitoka. Yuko wapi?"

"Ndani, ana mteja. Una miadi?"

Ilikuwa kama kumwagia moto mafuta ya taa.

"Miadi? Leo usinitajie neno hilo, wifi. Nakuomba kwa heshima zote."

"Wifi!" Dada Mkubwa alicheka kwa pua. "Mbona una haraka? Hujafika huko."

Kwenye benchi la ukutani palikuwa na mzee aliyeegemeza kichwa nyuma, pamba mkononi, machozi yakimtiririka mashavuni. Alikuwa ametiwa matone ya kupanua mboni, akaambiwa akae nusu saa bila kutazama kitu.

"Mwite tu, binti," mzee alisema akiielekea dari. "Mimi hapa sioni, na nisipoona siwezi kuteremka ngazi. Semeni mnayotaka, sina pa kukimbilia."

Sasa kabla mlango wa ndani haujafunguliwa, nikwambie kilichomtoa binti wa watu nyumbani amevimba namna ile.

Jumamosi iliyopita saa tisa alasiri, Miwani alikuwa aende kwa baba yake Mkunga kujitambulisha na kusema nia yake. Ilikuwa mara ya tatu kupangwa. Mara ya kwanza alisema ametokewa na mteja wa dharura. Mara ya pili alisema kompyuta imekorofisha, imechanganya siku. Mkunga alikubali, kwa sababu anayependa hukubali hata akiambiwa mwezi umeibiwa. Kwa hiyo Jumamosi hii ya tatu aliipigania. Alimwomba mwenzake wa wodini wabadilishane zamu, naye akalipa kwa kufanya kazi siku mbili za mapumziko yake. Shangazi yake alisafiri kwa saa tano kwenye basi, miguu ikamvimba kama mikate. Na baba yake, dereva wa treni mstaafu, alitoa kabatini koti lake la kazi, akalisugua vifungo vyote vinane, akaketi sebuleni tangu saa saba na nusu. Treni yake kwa miaka thelathini na moja haikuwahi kuchelewa kwa kosa lake, na alipenda watu walijue hilo.

Saa nane na dakika arobaini simu ya mzee ililia. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti kwa kuwa alidhani ni salamu za mgeni wake.

"Ndugu mteja. Miadi yako ya leo saa tisa alasiri imesogezwa hadi Jumamosi ijayo. Kukubali bonyeza moja. Kufuta bonyeza mbili."

 Shangazi akasema, "Kaka, labda wamekosea namba."  Mzee alikitazama kioo cha simu kama anavyotazamwa mtu aliyekutemea mate, halafu akanyoosha kidole, akabonyeza mbili. Simu ikalia tena papo hapo.

"Miadi yako imefutwa. Asante, na karibu tena."

"Karibu tena," mzee alirudia. "Mimi. Nyumbani kwangu. Ananikaribisha tena." Akalivua koti. Tangu hapo hakusema na bintiye neno lolote ila moja, Jumapili jioni, alipopita na kikombe chake cha chai: "Limekwisha."

Hilo ndilo lililompandisha ngazi.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Alitoka kwanza mama mmoja na karatasi yake ya vipimo, akaona sura zilizokuwepo, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake akasimama Miwani, koti jeupe, kalamu sikioni, miwani yake ameipandisha kwenye paji la uso kama kawaida yake. Mkunga alikuwa ameapa kwamba safari hii hatamtazama. Akamtazama. Ile mikono, loo. Mikono mirefu, mitulivu, iliyokuwa ikishika fremu ya miwani kama inashika kifaranga. Siku ya kwanza walipoonana, mikono hiyo ilimshika kidevu ikamgeuza taratibu kwenye mwanga, na sauti ikamwambia, "Usipepese." Tangu siku hiyo hakupepesa. Hata leo, na hasira zile zote, moyo ulimruka kama samaki kwenye ndoo. Hilo likamtia hasira zaidi.

"Umekuja," Miwani alisema, na uso ulimng'aa. "Nilikuwa nataka nikupigie. Jumamosi hii nimeshaangalia, nina nafasi kuanzia—"

"Nafasi!"

"Nisikilize basi."

"Unajua juzi baba yangu ameitwa nani?"

"Ameitwa nani?"

"Mteja. Ndugu mteja! Mzee wa miaka sabini, kakaa amevaa koti kwenye joto la alasiri, anaambiwa abonyeze moja au mbili. Amenizaa, amenisomesha, anataka kumwona mwanamume anayemtaka binti yake, anabonyezeshwa!"

"Ni programu," Miwani alisema upesi. "Si mimi. Wallahi sikujua imemtumia. Kalenda hii hujiendesha. Mteja akijiandikisha kwa simu yake, vile vitu vya kijani vinasogea kumpisha, na programu inamtumia kila mhusika ujumbe. Ni namba tu, haijui baba wala nani. Ni mashine, mpenzi wangu."

"Kijani ndiyo nini?"

Miwani alisita. Dada Mkubwa, ambaye hakuna alichokipenda kama kueleza kompyuta ile, alijibu kwa niaba yake.

"Nyekundu haisogei hata kukinyesha mawe. Watoto wa shule kuja kupimwa, nyekundu. Fundi wa mashine ya kukatia vioo, nyekundu. Kijani ni mambo ya kusogea. Kinyozi. Kubadilisha balbu. Kumwagilia lile ua la dirishani."

"Na baba yangu yuko wapi hapo? Kwenye balbu?"

"Kwenye ua, nadhani," mzee wa benchi alisema taratibu. "Ua lina heshima kidogo."

"Mzee, pumzisha macho," Miwani alimwambia.

"Macho yanapumzika. Nimeambiwa macho, sikuambiwa masikio."

Mkunga alikuwa hacheki. Alisogea mezani, akaweka mkoba juu ya vitabu vya risiti, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Dada Mkubwa.

"Kumbe ni wewe. Wewe ndiye unayekaa na hii kalenda kutwa. Hunitaki, najua hunitaki, umesema mbele ya watu kwamba mkunga ni mke wa kuitwa na simu, hana nyumba. Sema mimi, nitavumilia. Baba yangu umemtia kwenye kijani kwa kosa gani?"

Dada Mkubwa alisimama. Alikuwa mfupi, lakini alikuwa na kusimama kwake ambako kulimfanya kila mtu aone kama amechelewa kazini.

"Sikutaki," alisema. "Hilo hujadanganywa. Nimemlea huyu kwa kufua nguo za watu, na sijamlea ili aje apashe chakula peke yake mkewe akiwa wodini. Lakini unisikilize vizuri. Mimi ndiye niliyeiandika Jumamosi ile, na niliiandika nyekundu. Kukuchukia ni kazi yangu ya nyumbani. Hapa nina kazi nyingine, na hiyo siichezei."

"Kwa hiyo imejipaka rangi yenyewe?"

"Ngoja uone. Kila anayegusa kitu humu huacha jina lake. Niliwekewa hivyo baada ya yule karani wa zamani kutuvuruga." Aliigeuza skrini, akashika kipanya, akabonyeza, akabonyeza tena. "Hapa. Jumamosi, saa tisa, 'Kwa baba mkwe'. Jina hilo si langu, huyu mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike baba mkwe. Haya. Rangi imebadilishwa kutoka nyekundu kuwa kijani. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika tano jioni. Imebadilishwa na..."

Akakiachia kipanya.

"Dada," Miwani alisema kwa sauti ndogo, "zima hiyo."

"Someni kwa sauti," mzee wa benchi aliomba. "Mwenzenu sioni."

Mkunga alisoma mwenyewe. Hakusoma kwa sauti. Hakukuwa na haja, kwa sababu jina lililokuwa pale ni lile alilokuwa akilisema peke yake anapofunga mlango wa chumba chake. Alinyoosha kidole, akateremka mstari mmoja chini, halafu mwingine. Mwezi uliopita: imesogezwa. Na nani? Yeye. Mwezi wa kabla ya huo: imesogezwa. Yeye.

Alijitoa kwenye skrini, akamgeukia Miwani.

"Mteja wa dharura," Mkunga alisema.

Miwani aliiondoa kalamu sikioni, akaitia mfukoni.

"Kompyuta imekorofisha."

"Naomba tuingie ndani tuzungumze."

"Tutazungumzia hapa hapa! Mara mbili uliisogeza kwa mkono wako. Mara ya tatu hata ujasiri wa kuisogeza ulikuisha. Ukaipaka kijani Ijumaa jioni, ukafunga ofisi, ukaenda kulala, ukingoja mtu yeyote mwenye macho mabovu ajiandikishe aisogeze kwa niaba yako! Yaani wewe... Mwizi anayeiba namwelewa. Wewe umeacha mlango wazi, ukaenda kukaa kwa jirani, ukangoja mwizi!"

"Si hivyo."

"Ni vipi?"

"Ngoja kwanza," Dada Mkubwa aliingilia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa hamtazami Mkunga tena. "Mwezi wa juzi ulirudi ukaniambia kwao wameahirisha. Ukasema baba mtu anaringa, hataki kuharakishwa."

"Nani?" Mkunga aligeuka. "Baba yangu? Anaringa?"

"Ndivyo alivyosema. Na mwezi uliopita akasema shangazi mtu anaumwa."

"Shangazi yangu! Hajaumwa hata jino tangu nimjue! Ameumwa miguu juzi, kwa ajili ya huyu!"

"Nami nikakaa hapa nawasema. Nawaita watu wa maringo. Nimewasema mpaka kwa majirani!" Dada Mkubwa aliweka mkono kichwani. "Mtoto wewe, umenifanya nitukane watu kwa dhambi yako?"

"Mwanangu," mzee wa benchi alisema, akijifuta macho kwa pamba, "kitendawili: panga moja, makali kuwili. Hapo ulipo ukisogea huku unakatwa, ukisogea kule unakatwa. Sema kweli, upumzike."

Miwani aliishusha ile miwani kutoka kwenye paji, akaivaa, akaivua tena. Alipoinua uso, Mkunga aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye macho yale, na alikuwa ameyatazama sana. Aliona mtoto wa miaka tisa.

"Niliogopa," alisema.

"Baba yangu haumi."

"Si baba yako." Alimtazama dada yake, akaangalia chini. "Dada, siku nilipokwambia nataka kuoa ulisema nini? Ulisema, 'Ukienda kule nenda peke yako, na wakikuuliza ndugu zako wako wapi uwaambie huna.' Ulikuwa unapiga pasi. Hukuinua hata kichwa. Mimi sina baba, sina mama, sina mjomba. Nina wewe. Ningekaa mbele ya yule mzee kwenye kiti, peke yangu kama mtu aliyeokotwa, nimwambie nini? Kila nilipoitazama ile Jumamosi inakuja nilisema, wiki moja zaidi. Dada atalainika. Wiki moja tu."

"Na mimi?" Mkunga aliuliza.

"Wewe ulikuwa unanielewa kila mara."

Afadhali angenyamaza. Afadhali angetukana. Neno lile lilimwingia Mkunga kuliko yote ya siku hiyo, na aliposema tena hakupiga kelele. Aliongea polepole, meno yakikaribia kugusana.

"Kwa hiyo dada yako hasogei, ni nyekundu. Wateja hawasogei. Mimi ndiye ninayeelewa, basi mimi ndiye kijani. Ungenifungulia mdomo siku moja tu! Ungesema, 'Sina wa kwenda naye.' Ningekwambia njoo na kivuli chako. Ningekwenda nikakupokea kituoni, nikakaa upande wako nikasema baba, huyu hana watu, watu wake ni mimi. Hukunipa hata nafasi ya kuwa mkeo kabla sijawa. Ukanipa sababu. Moja, mbili, tatu. Sababu zimepangwa vizuri kama soksi!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe."

"Mkunga..." Dada Mkubwa alianza.

"Na wewe usinitetee!"

"Nani anakutetea? Sikutaki, nimesema. Lakini nataka nisikutake kwa sababu zangu, si kwa uongo wa huyu." Akamgeukia mdogo wake. "Na yale ya pasi niliyasema kwa hasira. Mtu hukasirika. Wewe ukayashika miezi mitatu kama risiti!"

"Ungeyafuta, dada. Ulikuwa na miezi mitatu."

Dada Mkubwa alifungua kinywa, akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kumwona akikosa la kusema, na mzee wa benchi, maskini, hakuweza kuliona.

Hapo simu ya Mkunga ikalia. Alisikiliza, akasema, "Chupa ya uzazi imepasuka lini? Haya. Mlazeni ubavu wa kushoto, nakuja." Akachukua mkoba.

"Umeona?" Dada Mkubwa alisema, lakini bila nguvu.

"Nimeona. Kuna mtu anazaliwa. Hakuomba miadi." Alifika mlangoni, akageuka, akamtazama Miwani kwa mara ya mwisho asubuhi ile. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Baba yangu yuko nyumbani. Yuko leo, kesho, keshokutwa, amestaafu. Sikualiki. Nakwambia tu mahali alipo, ili usije ukasema hukujua."

"Nije lini?"

Mkunga alitoka, akaufunga mlango kwa kishindo. Kile kioo cha mlangoni kilichoandikwa saa za kazi kilitetemeka mpaka amefika chini kabisa.

*

Wodini hakuna anayeuliza maswali ya namna hiyo. Au wanauliza, lakini hawajibiwi. Mama aliyeitiwa ulikuwa uzazi wake wa kwanza, ameshika chuma cha kitanda, analia, "Dada, bado sana? Niambie saa ngapi." Mkunga alimsugua kiuno, akasikiliza mapigo ya mtoto tumboni, akahesabu kimya, akamwambia ukweli: "Sijui, mama. Anajua yeye." Akafanya kazi yake saa zile zote kwa mikono iliyotulia, hasira akiwa ameiacha kwenye ndoano pamoja na mkoba. Saa tisa na robo alitoka mtoto wa kike, ana nywele nyingi na sauti ya kudai. Mkunga alimfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake, akanawa mikono mpaka viwiko. Halafu akaenda kwenye ndoano, akauchukua mkoba, na hasira ilikuwa ingali mle ndani, nzima.

Simu ilionyesha kwamba shangazi amepiga mara sita.

"Mwanangu!" Shangazi alinong'ona, kunong'ona kwake kunakosikika nyumba ya tatu. "Mtu wako yuko hapa nje."

"Mtu wangu nani?"

"Yule wa kubonyeza! Ana koti jeupe. Nilidhani ni wa chanjo."

"Amefika saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Amepiga hodi, kaka kamwona dirishani, kafunga pazia. Amepiga tena, kaka kawasha redio. Sasa redio iko juu mpaka vikombe vinatikisika, na mtu mwenyewe yuko kwenye vidato vya mlango, kakaa. Nilimpelekea maji kwa mlango wa nyuma. Nimefanya vibaya?"

"Amekuja na nani?"

"Na nani? Peke yake. Nikamuuliza ndugu zako wako wapi, akasema, 'Nina dada mmoja, amekataa kuja.' Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Mwanangu, maji yalinipalia, na wala si mimi niliyekuwa nakunywa."

Mkunga alikata simu. Hakukimbia. Alitembea mwendo wa mtu ambaye hajaamua, akapita kwenye duka la vifaa vya shule, akapita kwa fundi viatu, na kila alipojikuta miguu inaongeza kasi aliipunguza kwa makusudi.

Alimkuta amekaa kidato cha pili, viwiko magotini. Jua lilikuwa limemgeukia usoni na hakuhama. Koti jeupe lilikuwa na vumbi mgongoni mahali alipoegemea ukuta. Ndani redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira kama inatangaza vita.

"Na wateja wako?" Mkunga aliuliza, amesimama.

"Sijui. Nilimwambia dada awaambie sipo. Akauliza aandike narudi lini, nikamwambia asiandike."

"Akasemaje?"

"Alisema nitarudi na njaa." Alisita. "Halafu akanifuta vumbi begani. Lakini hakuja."

Redio ilizimika ghafla. Mlango ukafunguliwa, na baba yake Mkunga akasimama kizingitini, fulana na suruali ya nyumbani, hana koti la vifungo wala cheo chochote, na bado ungedhani garimoshi zima liko nyuma yake. Miwani alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Wewe ndiye?" Mzee hakuipokea.

"Ndiye mimi."

"Dada yangu ameniambia umekuja peke yako. Je, ile mashine ndiyo iliyosogeza?"

 Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Mzee hakuijua ile kalenda, asingeweza kuuliza zaidi. Mkunga mwenyewe alijikuta amezuia pumzi, kama anavyoizuia wodini mtoto anapochelewa kulia.

"Hapana, mzee. Ni mimi. Mara zote tatu. Niliona aibu kuja bila watu wangu, nikajificha nyuma ya mashine, nikamdanganya binti yako, nikamdanganya na dada yangu."

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kwenye paji la uso.

"Nilivaa koti," alisema.  "Unanisikia? Dada yangu kasafiri mchana kutwa. Nilikaa pale na koti, halafu nikashukuriwa na simu. Mimi hasira zangu haziishi kwa mtu kukaa juani. Sijui zitaisha lini. Zinaweza zisiishe."

"Nitangoja, mzee."

"Sikukwambia ungoje."

"Najua."

"Ukikaa hapo ni kwa hiari yako. Sikufukuzi, maana kidato hakina kazi. Wala sikukaribishi." Mzee alimtazama bintiye kidogo, akataka kusema kitu, akaguna. Aliuvuta mlango. Hakuufunga hadi mwisho. Ulibaki na ufa wa kidole kimoja, na kwenye ufa huo ungeweza kuona kitenge cha shangazi.

Miwani aliketi tena. Mkono wake ulikwenda mfukoni mwa koti, kwa mazoea, ukapapasa. Hamkuwa na simu. Ukarudi gotini.

"Na mimi bado nina hasira," Mkunga alisema.

"Najua."

"Si ndogo. Usidhani kwa sababu umemwambia kweli. Zitakuwepo kesho. Nadhani na wiki ijayo. Labda mpaka—"

"Usinitajie siku," Miwani alisema. Hakuinua kichwa. "Ziache zije zinavyokuja."

Mkunga alisimama muda mrefu. Miguu ilikuwa ikimuuma tangu alfajiri. Mwishowe alivua viatu, akavipanga ukutani, akaketi kwenye kidato kile kile, si karibu naye. Aliacha katikati nafasi ya kutosha mtu mmoja. Hasira ndiyo iliyokaa hapo, imejaa vizuri, miguu imeikunja. Wakangoja wote watatu, wameuelekea mlango.